Sentensi Niliyoiunganisha

Wheaton, Maryland
Novemba 2004

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta magoti yametulia kidogo na mvua za vuli zimefika Usangi, maana mara ya mwisho kwenye simu ulikuwa unalalamikia vyote viwili. Mama anaendeleaje na presha? Mimi mwili ni mzima. Baridi imeanza, miti imebaki mitupu, na kazini naenda na soksi mbili mbili.

Utashangaa kwamba nimekuandikia Kiswahili. Tangu nikiwa kidato cha kwanza ulitaka barua zangu ziwe za Kiingereza, na ulikuwa ukinirudishia zimejaa wino mwekundu. Mpaka leo najua unazipeleka kanisani Mwinjilisti azisome kwa sauti, watu wasikie mtoto wa mwalimu anavyoandika akiwa Amerika. Hii usimpe. Isome peke yako, kisha umwambie Mama yale unayoona atayaweza. Nilitaka kukueleza kwa simu, lakini kadi ilikuwa inakwisha na mimi mwenyewe ulimi ulikuwa mzito, nikaishia kukuuliza habari za ng'ombe.

Nina aibu, Baba. Nianze na iliyo ndogo. Ile kozi ninayosoma Jumamosi, ambayo ulielewa kuwa ni ya chuo kikuu nami nikakuacha uelewe hivyo, si ya chuo chochote. Ni darasa la bure katika chumba cha chini cha kanisa moja hapa. Nakaa na akina mama kutoka El Salvador na mzee mmoja wa Ethiopia. Mwalimu wetu ni mama mstaafu anayeitwa Carol. Anatugawia vipande vya karatasi vyenye sentensi mbili fupi, nasi tunaziunganisha kwa "because", "although", "so" na "therefore". Mwanao aliyefundisha Kiingereza sekondari miaka sita anakaa kwenye kiti cha plastiki akitafuta namna ya kuunganisha mvua na watu waliobaki nyumbani.

Aliyenipeleka huko ni Sista Wanjiru, muuguzi Mkenya anayetusimamia katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Kila zamu tunaandika ripoti, nani amekula, nani amekataa dawa, nani ameanguka. Mimi kwa kuogopa kukosea nilikuwa naandika vijisentensi. Bibi alikula. Bibi alilala. Siku moja Sista akaniita mbele ya wenzangu, akasema, "Eliwaza, si uliniambia ulikuwa mwalimu wa English? Hii ni kama telegram. Enda hiyo class ya Saturday, u-improve." Wenzangu walicheka. Nilitabasamu nao, lakini niliumia sana, na nikaapa moyoni kwamba nitamwonyesha.

Sasa nakuja kwenye aibu yenyewe.

Kuna mama wa Bukavu anaitwa Mama Zawadi, mfanya usafi pale kazini. Ndiye mtu wangu wa karibu hapa. Kiswahili chake na changu vinapishana, lakini tunaelewana vizuri, na nilipougua homa mwaka jana ndiye aliyenipikia uji. Kiingereza cha kuongea anakiweza kidogo, cha kusoma kinamshinda, kwa hiyo barua zake zote ananiletea mimi. Ananiita Mwalimu. Hapa Amerika ni yeye peke yake anayeniita hivyo, na sikufichi, napenda.

Mwezi uliopita mzee mmoja tunayemhudumia alianguka kwenye korido, akavunjika mkono. Mimi ndiye niliyemkuta chini, kwa hiyo ripoti ilikuwa yangu. Nilichokiona ni hiki: mzee yuko sakafuni na soksi bila viatu. Ndoo ya Mama Zawadi iko pembeni. Kile kibao cha njano cha kuonya kwamba sakafu imelowa hakipo. Basi. Sakafu sikuigusa, maji sikuyaona, na mzee huyo huwa anapata kizunguzungu hata kwenye zulia kavu.

Nikakaa na kalamu. Nikakumbuka vile vipande vya karatasi, na vile wenzangu walivyocheka. Nikaandika sentensi moja ndefu, imenyooka, kwamba kwa sababu mfanya usafi aliacha sakafu ikiwa imelowa bila kuweka kibao, mzee aliteleza na hivyo akavunjika mkono. Niliisoma mara tatu kwa raha. Sista Wanjiru alipoipitia akasema, "Sasa hii ndio report. Imeshikana." Siku ile nilirudi nyumbani natembea kama mtu aliyepandishwa cheo. Haki ya Mungu, Baba, Mama Zawadi hakunijia akilini hata kidogo.

Baada ya wiki mbili tukakutana Jumapili mchana kwenye duka kubwa la hapa Wheaton, kwenye zile meza za chakula. Alikuwa ameniletea kisamvu, wenyewe wanakiita sombe, ndani ya kopo. Akatoa bahasha. "Mwalimu, banaandika nini hapa? Mi naona jina yangu tu."

Ilikuwa barua ya kumwachisha kazi. Na katikati yake, neno kwa neno, ilikuwa sentensi yangu.

Nikamsomea. Nilipofika pale, nikaruka. Aliponiuliza kosa lake ni nini, nikamwambia hawakuandika kosa, wanapunguza watu. Akasema, "Basi, Mungu anajua. Asante Mwalimu, kama si weye ningeuliza nani?" Akanisukumia lile kopo. Nikala, Baba. Nilikaa mbele yake nikala chakula chake.

Siku tatu sikuwa na usingizi wala hamu ya kuongea na mtu. Ya nne nikaenda kwake mchana, nikamwomba ile barua, nikamsomea yote. Nikamwambia maneno yale ni yangu.

Hakupandisha sauti. Akauliza, "Uliona maji?"

Nikasema sikuyaona.

"Uliniona mi napita bila kupangusa?"

"Hapana, Mama Zawadi."

"Sasa juu ya nini uliandika?" Kwao ndiyo kuuliza kwa nini.

Nikamwambia ukweli, kwamba sentensi ilitoka vizuri. Halafu akaikunja barua yake, akasimama, akanifungulia mlango.

Kesho yake nilimpelekea Sista Wanjiru maelezo mapya niliyoyaandika kwa mkono, ya kile nilichokiona tu na vile nisivyoviona. Akasema, "Unajua hii inaweza kukutoa job? Ulisaini ile ya kwanza." Nikasema najua. Mkurugenzi amesema wataliangalia upya, na Alhamisi ijayo tunaitwa mimi na Mama Zawadi. Sijui kama watamrudisha. Sijui kama nami watanibakiza. Ana watoto watatu hapa, na mumewe alibaki Bukavu.

Nakuomba usiendelee kuwaambia watu pale kanisani kwamba niko chuo kikuu. Na ukiona unataka kunijibu, nijibu kwa Kiswahili, hata kama ni kwa kunigombeza. Nitaipokea.

Nisalimie Mama, umwambie sweta lake ndilo ninalovaa. Nisalimie shangazi Nakijwa aliyeniangalia nilipokuwa nasoma bweni, na mdogo wangu Elinami huko chuo cha ualimu. Mjomba fundi cherehani naye mpe salamu zangu, na Mwinjilisti, lakini yeye msalimie tu. Kwa kawaida hapa ndipo ninapoandika kwamba Mama Zawadi naye anawasalimu, ingawa hamjawahi kuonana. Safari hii hakunituma, nami sikuthubutu kumwomba.

Ni mimi binti yako,
Eliwaza