Video Uliyonipa Niitazame

Winfred,

Maharagwe yako kwa jiko, yaongeze maji. Madam wa saluni amepiga, kesho uingie saa mbili.

Asubuhi ulinipa simu nitazame video yako ya kuombea nafasi kwenye ile shoo ya TV ya watu kusimulia shida zao, nikuambie kama umetoka vizuri. Ukaenda kazini kabla sijakujibu. Jibu ndilo hili: umetoka vizuri sana. Umelia ukisema ulitazama mazishi ya mtoto wako kwa simu, ukiwa hapa Riyadh. Huna mtoto, Winfred. Huyo ni Robinson wangu. Kumbe kila Ijumaa tukiwalilia watu wa shoo, mimi nilikuwa nalia, wewe ulikuwa unajifunza.

Futa hiyo video kabla sijarudi.

~~Dadako,~~
Mama Robinson