Nani Alianzisha Punguzeni

Nyumbani, nyuma ya karakana ya redio
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu tuliobaki huku. U hali gani? Wifi yangu na watoto hawajambo? Kifua bado kinakusumbua wakati wa baridi? Sisi tupo, ila goti langu la kushoto limekataa ngazi. Habari za kaka yetu nitakueleza mbele.

Barua yako nimeipata. Unataka picha ya zamani ya bendi, iwekwe kwenye jalada la santuri zenu zinazotolewa upya. Nitakujibu, lakini kwanza unisikilize.

Juzi kinyozi wa jirani alikuja mbio na simu yake, eti unahojiwa redioni. Nikaacha sufuria motoni, tukaketi na kaka karakanani kwake, katikati ya zile redio mbovu. Saa nzima, mdogo wangu. Saa nzima ulikuwa unajisifu tu.

Ati ulianzisha bendi peke yako, chumbani kwako. Chumba kipi? Ulikuwa unalala sebuleni, na godoro lako nililikunja mimi kila asubuhi!

Ukaulizwa maana ya jina. Ukakohoa kama mheshimiwa, ukasema Punguzeni ni kuwaambia wakubwa wapunguze dhuluma. Loo! Nilicheka mpaka kinyozi akashtuka, kisha nikalia. Mama alikuwa anaumwa kichwa chumba cha nyuma, ninyi mnapiga roki yenu uani, na mimi kila baada ya wimbo natoa kichwa dirishani: "Punguzeni!" Fundi cherehani, mpiga ngoma wenu, akasema mtaa mzima umeshazoea kuwaita hivyo, basi liwe jina. Umesahau, au ukweli haupendezi redioni?

Gitaa lako la kwanza kaka alilichonga kutoka kwenye mlango wa jikoni. Nyuzi zake zilikuwa waya za breki za baiskeli, alizozichambua mpaka vidole vikatoka damu. Spika zilikuwa za redio za wateja. Mwezi mzima kila mteja anaambiwa njoo kesho, na kesho yenyewe haifiki. Mpaka yule mwalimu wa hesabu alipokuja kucheza dansi akaiona spika yake jukwaani, akaijua kwa kitambaa cha maua alichokishona mkewe. Alikuja juu! Kaka akatukanwa mbele za watu, wewe ukaendelea kuimba.

Na bendi ilipoitwa ng'ambo, kaka akasema atabaki kumwangalia mama. Hukumbembeleza hata mara moja. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa habari zake. Masikio yamekwisha. Miaka yote ile ya kuinamia spika akisikiliza kama zinakoroma, na daktari amesema hakuna la kufanya. Siku ile ya mahojiano alivaa shati lake la jukwaani, hebu fikiria, kuja kukaa mbele ya simu asiyoisikia. Alikuwa ananitazama mdomo tu. Kila ukinyamaza kidogo ananigusa mkono: "Amesema nini? Amefika kwangu?"

Nikamwambia umefika. Nikamwambia umesema kwamba bila kaka yako fundi redio kusingekuwa na bendi. Kinyozi akainama, akajifanya anatafuta kitu sakafuni. Kaka akafuta macho kwa kitambaa chake cha kazi, akasema, "Nilijua hatanisahau."

Tangu hapo anamsimulia kila mteja. Mimi sijawahi kumdanganya kaka yangu, na wewe umenifanya mwongo uzeeni.

Picha ninayo, na kaka yumo, ameshika bisibisi. Sikutumii mpaka uniandikie maneno yatakayochapwa chini yake. Fanya haraka, maana ameshaanza kuniuliza santuri itafika lini. Hasikii, lakini kusoma anasoma vizuri.

Fundi cherehani anakusalimu. Kinyozi pia, ingawa kwa shingo upande. Nisalimie wifi, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mungu akulinde huko uliko, na akulainishe moyo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kwa hasira hizi.