Msalaba Uliochipua Mkono Mmoja

Yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Nakuamkia wewe na wote mnaolala chini ya bati moja pale Kimemi. Mama anaendeleaje na mgongo? Bado anasema si mgonjwa, amechoka tu, huku anapanda kitandani kwa magoti? Na baridi ya Butembo inawaacha mkalala? Huku Oicha joto linaanza asubuhi mapema, kakao inakauka vizuri kwenye maturubai, na mimi ni mzima. Nakula. Usingizi ndio una mambo yake.

Barua hii nimempa yule mama anayeleta vitunguu kutoka kwenu na kurudi na ndizi. Kwa simu nisingeweza. Ukinipigia nakuambia tuko salama, mtandao unakatika, na kila mtu uani anasikiliza. Umeniuliza mara nyingi ni lini tunafunga matanga ya bwana yangu, ni lini ninarudi. Najua umenitayarishia chumba cha nyuma. Yaya, kabla hujatandika kitanda, soma kwanza.

Hukuwepo siku tuliyomzika Kambale, barabara ilikuwa imefungwa. Watu wa msituni walipoingia kwenye mashamba ya kakao, yeye hakurudi. Vijana wa mtaa walikwenda kutafuta baada ya siku kadhaa, wakaleta mwili umefungwa kwenye turubai. Hawakuniruhusu kufunua uso. Mama mkwe alinishika mikono miwili, akasema nimkumbuke vile alivyotoka nyumbani. Walinionyesha shati tu. Shati la bluu ambalo mfuko wake niliushona mwenyewe kwa uzi mwekundu, kwa sababu uzi wa bluu ulikuwa umeniishia. Nilipouona ule uzi nikaanguka chini, na hakuna aliyetafuta alama nyingine.

Tulizika haraka haraka. Mbao hatukuwa nazo, misumari hatukuwa nayo. Mumbere, yule kijana wa pikipiki aliyeufunga mwili, alikata fito mbili kwenye ua wa jirani akazifunga kwa kamba ya mgomba. Unajua tunavyofanya: msalaba wa fito ni wa muda tu. Siku ya kufunga matanga unang'olewa, unawekwa wa simenti wenye jina.

Basi ule msalaba ukachipua.

Usicheke. Najua miti ya ua, ukiichomeka ardhini mvua mbili tu inatoa majani. Ingekuwa ile fito iliyosimama, hata mimi ningepita bila kugeuka. Lakini iliyosimama ilikauka, mchwa wakaanza kuila. Iliyochipua ni ile ya kulala, isiyogusa udongo kabisa, tena upande mmoja tu, mkono wa kushoto, unaoelekea msituni. Majani laini, yanang'aa, yametoka kwenye kijiti kilichofungwa juu ya mti uliokufa.

Mama kiongozi wa kikundi cha sala ndiye aliyeanza. Alisimama pale na rozari yake akasema, "Fimbo ya Haruni ilichipuka, kweli ao hapana? Mungu anaonyesha. Kambale haiko mu kaburi."

Katekista akamjibu, "Mama, muti ni muti. Iko na maji ndani." Halafu akaunyunyizia maji ya baraka, ili watu watulie. Wakasema hata yeye anaumwagilia! Jirani yetu Mprotestanti, ambaye siku zote hututania kwamba tunapigia magoti mbao, alikuja kwangu polepole: "Miye sisujudiake musalaba, unajua. Lakini nipatie jani moja, niweke mu Biblia."

Wakayachuma. Yakaota tena, upande uleule. Mbuzi wa parokia, wanaotafuna hata maua ya plastiki makaburini, walifika pale, wakanusa, wakageuka. Niliwaona kwa macho yangu mchana kweupe. Watu wakawa wanakuja kusimama kimya, mbali kidogo, wakiangalia kule mkono ulikoelekea. Sokoni mama wa samaki alinifungia samaki wangu akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umusalimie bwana." Nikamjibu asante. Nilifika nyumbani ndipo nikasikia nilichojibu.

Mama mkwe naye alianza kuweka kiti. Kila saa ya chakula cha mchana, kiti cha Kambale mezani, sahani, bugali umefunikwa. Hazungumzi na kile kiti, ila anateremsha sauti akikipita, kama mtu anayepita karibu na aliyelala. Nilipotaka kukikalia alinipiga mkono. Nilikasirika sana, Yaya. Halafu siku moja nikajikuta nami nakizunguka kwa ubavu, ili nisigonge magoti ya mtu. Hapo niliogopa. Nilijua kwamba nimeanza kungoja.

Familia ilipanga kufunga matanga Jumapili hii inayokuja. Lakini nani angeng'oa ule msalaba? Baba mkwe alikataa, Mumbere alikataa, mchimba kaburi alisema mkono wake unamuuma. Nikasema nitaung'oa mimi, niondoke, nirudi kwenu nikalale.

Juzi, kabla ya adhuhuri, nilikuwa pale makaburini na mama mkwe tukipalilia. Akaja mwanamke aliyevaa nguo nyeusi kama zangu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alisema jina lake ni Kyakimwa, ametoka upande wa Manguredjipa. Bwana yake Paluku alikuja huku kufanya kibarua cha kakao, na tangu siku ile ya mashambani hajapata habari yake. Huko kwenu Butembo, sokoni, alisikia watu wakisimulia msalaba wa Oicha uliokataa maiti wake. Nilidhani ataomba jani. Hakuyatazama hata majani. Alichuchumaa akaweka kiganja juu ya udongo.

"Batu bote banauliza mwenye alitoka iko wapi," akasema. "Miye nilikuja kuuliza mwenye iko ndani ni nani."

Mama mkwe akaacha kupalilia.

"Bwana yangu hakukuwa na kidole kikubwa ku muguu ya kushoto," akaendelea. "Jiwe ilimukatiaka mu shimo ya zahabu, mbele tuoane. Nani aliona miguu yake?"

Tulimwita Mumbere. Alikuja na pikipiki, akaizima mbali, akavua kofia. Kyakimwa akarudia swali lake. Mumbere akaniangalia mimi, hakumwangalia yeye.

"Kidole haikukuwa," akasema. "Kidonda ilishaponaka zamani, ngozi ilifunga."

"Na hukusema?" nikamuuliza.

"Nani aliniuliza, Mama? Kambale siku zote alikuwa mu buti, miguu yake sikuionaka. Nilifikiri iko vile." Akaongeza kwa sauti ndogo, "Bale babili, Kambale na Paluku, balikuwa banalala mu kibanda moja. Mvua ikibanyeshea, banabadilishanaka mashati."

Kyakimwa hakupiga kelele. Alilala kifudifudi juu ya ule udongo nilioulilia mimi miezi yote hii, akaanza kumwambia Paluku kwa Kinande, lugha yetu, mambo ya nyumbani, nani ameoa, mbuzi gani amezaa. Na mama mkwe, upande wa pili wa kaburi hilohilo, alikuwa anapiga makofi na kucheka na kulia: "Nilisema! Nilisema haiko!" Nilisimama katikati yao. Sikuwa na haki ya kulia na huyu, na sikuweza kucheka na yule.

Sasa Oicha nzima inaimba kwamba msalaba umesema kweli. Kweli umesema, Kambale hayumo mle. Lakini yuko wapi, Yaya? Pengine anapumua mahali, amefungwa, ana njaa. Pengine amelala chini ya majani makavu, na hakuna mtu aliyemkatia hata fito. Na akiwa hai, tulimwombea misa ya wafu, tulimwimbia tumuage, kila mtu akatupa udongo wake. Mtu aliyekwisha kuagwa vile anarudije nyumbani, na anaporudi anakuwa nani? Naona aibu kuandika haya. Ninampenda, nataka arudi, na mtu akipiga hodi mchana huu nitashindwa kunyanyuka.

Jumapili tutafunga matanga ya Paluku. Kyakimwa atang'oa ule msalaba mwenyewe, nami nitashika upande wa pili, nimemwahidi. Kwenye simenti wataandika jina la bwana yake. Mimi nitapika, kama jirani. Nguo zangu nyeusi sijui nizifanyeje. Nikizivua, nimekubaliana na mama mkwe. Nikizivaa, namlilia nani?

Siji Butembo, Yaya. Kile chumba mpe Kahindo wa baba mdogo, anakitaka tangu zamani. Nikija huko, akarudi akakuta mlango umefungwa, atadhani hata mimi nilimwacha ardhini. Usinitumie watu wa kunishawishi. Niombee tu, na usiniombee kwa sauti mbele ya Mama. Yeye mwambie nimebaki kwa ajili ya kakao ya mwaka huu, na uongo huo ni wangu, si wako.

Nisalimie shemeji pale kwenye duka lake la mabati, aache kunitania kwamba Kinande changu kimekuwa cha Oicha. Nisalimie baba mdogo anayenoa misumeno, shangazi wa maandazi mbele ya shule, na yule mdogo wetu wa mwisho anayeimba kwaya. Mama mshike mkono kwa niaba yangu, mkono wa kulia, ule usiomuuma.

Wako wa kunyonya ziwa moja,

Kavira, mke wa Kambale.

Nilikaa muda mrefu na kalamu juu ya neno hilo. Nimeandika mke.