Dawa ya Kabatini

Mwanangu mpendwa,

Hapa kwetu salama, na safari hii ni salama ya kweli. Mwanao ameng'oka jino la mbele, kila neno lake linatoka na mluzi. Jirani yetu seremala sasa anapiga mbao msasa watoto wakiwa shuleni, na vumbi la mbao analimwagia maji kabla ya kufagia. Walikubaliana hivyo kwenye kikao cha mtaa kuhusu vifua vya watoto, yeye, mwalimu mkuu na muuguzi wa zahanati, na wala hawakugombana.

Muuguzi huyo hupita nyumba kwa nyumba. Alipofika kwangu aliomba kuona dawa ya pumu ya mjukuu wangu, ile ya kuvuta kila asubuhi. Nikafungua kabati kwa mbwembwe, nikaitoa katikati ya vyombo vya wageni, ikiwa haijaguswa. Nilikuwa naiweka akiba ya siku mbaya, kifua kikimbana.

Akaniambia taratibu, "Bibi, hii ndiyo inayoizuia hiyo siku mbaya."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Siku hizi tunapita naye pamoja. Mimi ndiye ninayetangulia kuingia, nasema, "Haya, nionyesheni kabati." Huwezi kuamini ni mabibi wangapi wanaoinamisha macho!

Mtoto anavuta dawa kabla ya kupiga mswaki, kisha anakimbia shule. Anakimbia, mwanangu.

Ile barua ya mwezi wa tatu, ambayo nilikuambia sote tu wazima, niliiandikia wodini, pembeni ya kitanda cha mwanao. Nisamehe. Hii naiandikia mezani, naye ananipigia mluzi sikioni.

Mimi mama yako