Shelisheli la Vipande Saba

Fagamalie,
Savai'i, Samoa.
Jumanne, 14 Oktoba 2025

Mpendwa Mjomba Fereti,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, mgongo umepoa, na mikono imeshauzoea mkasi wa kuchumia machungwa. Chakula huko Mundubbera, Australia, kikoje? Mama anataka kujua kama mnapata majimbi au mnakula mkate tu kila siku. Sisi hatujambo. Bibi anakohoa kidogo, lakini haachi kwenda kwaya, na mama anasema kikohozi hicho humshika siku za kufua tu.

Mvua imeanza mapema mwaka huu. Majimbi uliyoyapanda nyuma ya jiko tulishayala yote, nasi tumepanda mengine palepale.

Barua hii anakuletea binamu yangu Kilisi, ambaye ameingia katika kundi jipya la wachumaji. Ningeweza kukupigia, lakini unanijua, kwenye simu maneno yangu huishia kwenye salamu. Tena wiki ile niliyokuhitaji sana, simu yako iliita tu mpaka ikakata. Silalamiki, Mjomba. Tumeambiwa mtandao haufiki mabustanini.

Nataka kukueleza habari za mdogo wangu Etuale tangu mwanzo, maana ukisikia kwa watu wengine utasikia nusu.

Ulipoacha ualimu na kuondoka, darasa lako alipewa Mwalimu Tapuala. Si mtu mbaya, ila huongea akiwa ameuelekea ubao. Mtoto anayesikia haoni tatizo. Etuale, ambaye masikio yake hayajawahi kumfikishia sauti, huona shati la mwalimu tu. Alichokijua cha hesabu za sehemu alikijua kwa zile picha zako zinazotembea: shelisheli linakatwa, vipande vinasogea, vinahesabiwa, vinarudi kuwa kitu kizima. Na zile picha zilikufa pamoja na kompyuta yako. Tulipoifungua tulikuta sisimizi wamejenga ndani, na mayai yao meupe yamejaa hadi kwenye feni.

Mwezi uliopita Mwalimu Tapuala alimwita mama. Alimwambia atampima Etuale katika sehemu baada ya wiki mbili, na akishindwa atamrudisha darasa la tano kutoka la nane. Mjomba, Etuale ana miaka kumi na mitatu na amemzidi mama kimo. Mama alipomweleza kwa mikono, alijibu kwa mikono pia, polepole ili tusikosee: wakinikalisha na watoto wadogo, nakwenda shambani, na shuleni sirudi tena. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Na kuna jambo jingine ambalo sikutaka kukuambia. Tangu uondoke alikuwa hajafanya ile ishara ya jina lako, ya kuvuta ndevu kidevuni. Sisi tukiifanya, aligeuza uso. Uliondoka alfajiri akiwa amelala, naye hakukusamehe.

Nilikuwa na kile kijiti cha kumbukumbu, ile flashi ya kompyuta, ulichoniachia. Nilidhani picha zimo. Kumbe mlikuwa na maandishi tu, yale maelekezo ambayo kompyuta huyafuata ili kuzichora. Nilikumbuka ulivyosema kwamba maandishi ni mepesi kubeba, na picha unaweza kuipika wakati wowote. Ni kweli, Mjomba, lakini hukusema jiko gani.

Kompyuta ya maktaba ya shule hairuhusu mtu kusakinisha kitu. Ilibaki ile ya ofisi ya kanisa. Nilizunguka nyumba ya mchungaji mara mbili kabla ya kubisha hodi. Mama mchungaji Sulami alinikubalia niitumie nikitoka shule, mradi nimalize kabla ya kengele ya sala ya jioni.

Nilisoma kuhusu ile maktaba ya programu, yaani mkusanyiko wa amri zilizokwisha kuandikwa, uliyokuwa ukiitumia kuchorea. Nilikuta aliianzisha mtu mmoja kwa kazi zake mwenyewe, naye anaendelea nayo. Baadaye watu wengi walichukua nakala yake, wakaitunza pamoja kama jumuiya. Kwa hiyo ziko mbili, zinafanana majina, zinafanana sura, na kila moja ina matoleo mengi. Wewe ulitumia ipi, hukuandika popote.

Nilichagua ya mwanzilishi. Sikupima lolote. Niliona tu kwamba aliyeanzisha ndiye mkubwa, na mkubwa husalimiwa kwanza. Nilifanya kama mtu anavyoingia katika nyumba ya baraza na kutafuta nguzo anapokaa mwenye cheo. Ilipokwisha kusakinishwa, niliipa maandishi yako, nayo ikayakataa tangu mstari wa juu.

Kilisi alikuwa anafyeka nyasi nje ya dirisha. Alichungulia, nikamweleza, akacheka.

“Umemwalika mkubwa asiye wa kwetu, Mataina. Sasa anauliza mkeka wake uko wapi.”

Nilipaswa kumcheka na kutulia. Badala yake niliingiwa na hofu. Niliisakinisha ya jumuiya juu ya ile ya kwanza bila kuiondoa, toleo jipya kabisa, nikidhani jipya ndilo bora. Zikaanza kugombana humo ndani. Nikasoma mahali kwamba huenda inahitajika programu nyingine ya kupanga herufi za hisabati, nikaipakua nayo. Ni kubwa kupita kiasi, Mjomba. Niliiacha ikishuka siku nzima ya Ijumaa.

Jumamosi mama mchungaji alikuja mwenyewe mpaka nyumbani kwetu. Alikaa, akaulizia kikohozi cha Bibi, akanywa kakao yake mpaka chini, kisha akanigeukia.

“Mchungaji kaandika mahubiri toka asubuhi, mashine inamwambia haina nafasi. Umeijaza nini, binti?”

Nilitazama mkeka. Mama alikuwa ananiangalia, na Bibi pia.

“Sema basi. Mimi si polisi.”

Nilimweleza yote, hata habari ya darasa la tano, ambayo mama hakutaka itoke nje. Halafu akasema nikafute kila kitu nilichokiweka, palepale, na kwamba nitapata jioni moja tu, Jumatano, kwa sababu siku nyingine kamati ya wanawake inaihitaji mashine. Alipofika mlangoni akaongeza, “Ikishindikana Jumatano, mwanangu, tutabaki kumwombea tu mdogo wako.”

Mtihani wa Mwalimu Tapuala ulikuwa Ijumaa yake.

Jumapili tulipata wageni wa kanisa kutoka upande wa pili wa kisiwa. Msemaji wao alisimama na fimbo yake, na kama kawaida hakugusa lolote mpaka alipokwisha kuvisalimu vyeo vya kijiji chetu kimoja kimoja. Kile cheo cha babu yetu, unajua kinashikwa na watu watatu katika vijiji vitatu, jina lilelile. Msemaji akamsalimu wa kwetu, kwa ukoo na kwa uwanja wake, asichanganywe na wenzake. Bibi aliniinamia sikioni.

“Msikilize anamsalimu nani, utajua kaja kwa nani.”

Huniambia hivyo tangu nikiwa mdogo, ila safari hii niliduwaa. Maandishi yako nayo yana salamu. Mstari wa juu wa kila faili unaita maktaba kwa jina kabla ya kuomba kitu chochote. Nilikuwa nimeusoma mara nyingi bila kuusikiliza.

Jumatatu nilifungua kijiti kwenye kompyuta ya maktaba ya shule, kusoma tu. Salamu yako ilikuwa kwa ile ya jumuiya. Kumbe nilikuwa nimekupeleka ugenini. Kisha nikatazama tarehe za mafaili. La kwanza uliliandika miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo jumuiya imebadilisha baadhi ya amri, kwa hiyo hata kwao toleo jipya lingejikwaa. Orodha ya matoleo yao ina tarehe pia. Nilichagua lililotoka mwezi mmoja kabla ya faili lako la kwanza, na lugha ya kompyuta inayoiendesha, nayo ya umri huohuo. Ile programu kubwa ya herufi haikuhitajika, maana namba zako umeziandika kwa maandishi ya kawaida. Nilirudia kukagua mpaka Bi Leaupepe, mtunza maktaba, akanizimia taa.

Jumatano nilifika ofisini nikikimbia. Kwanza nilitenga chumba ndani ya mashine, chumba cha maktaba hii peke yake, isiguse kitu cha kanisa. Nikatoa amri, na namba ya toleo nikaiandika mwishoni. Ikaanza kushuka, lakini mtandao ulikuwa mzito, na jua halikunisubiri.

Kengele ya sala ikagongwa, ule mtungi mtupu wa gesi unaoning'inia kwa kina Kilisi. Nilisimama ili nizime niende. Mama mchungaji alikuwa ameshatandika mkeka. Akanionyesha kwa kidole pa kukaa, akanionyesha na kompyuta, kwamba niiache.

Tulianza wimbo. Katikati ya ubeti wa kwanza mita ya umeme ikaanza kulia, ule mlio wa salio kuisha, na duka limeshafungwa kwa sala. Mchungaji alifumba macho akaendelea kuimba. Mama mchungaji aliinuka, naye hakuacha kuimba. Alizima taa ya sebuleni. Akazima feni. Akafika kwenye jokofu, ambamo mlikuwa na samaki wa wageni wa Alhamisi, akasita kidogo, akachomoa waya. Akarudi kukaa. Tulibaki na mwanga wa skrini tu.

Hapo mlango ukafunguliwa. Alikuwa Kilisi, ambaye jioni ile alikuwa zamu na vijana wanaozuia watu kutembea wakati wa sala, na amemshika Etuale mkono. Etuale hakuwa ameisikia kengele, alikuwa ananitafuta barabarani. Kilisi angeweza kumtoza faini kama mtu mwingine. Alimsukuma ndani taratibu, akaninong'oneza, “Chukua jambazi wako,” akaondoka.

Ubeti wa mwisho nilitambaa hadi mezani. Ilikuwa imekwisha kusakinishwa. Niliandika amri ya kupika faili lako la kwanza, nikaiagiza picha ijifungue yenyewe ikiiva. Nikabonyeza. Papo hapo mchungaji akasema tuombe.

Mjomba, sikuwahi kuomba sala ndefu namna ile. Mchungaji aliwaombea wagonjwa, aliwaombea walioko nje ya nchi, akakutaja na wewe. Mita inalia. Mimi nimefumba macho, sijui kama pale juu kuna maandishi mekundu ya kukataliwa au la. Aliyekuwa amefumbua macho ni Etuale peke yake.

Nilihisi vidole vyake vikinibana mkono hadi nikaumia. Hakuniachia mpaka tukasema amina. Nilipotazama, shelisheli lako lilikuwa linakatwa katikati, kijani nje, jeupe ndani, na nusu zake zinaachana polepole.

Umeme ulikatika tukiwa njiani kurudi nyumbani. Kabla ya hapo mama mchungaji alikuwa ameniacha niyapike mafaili yote, na picha zimo ndani ya kijiti.

Alhamisi Etuale hakulala mchana wala hakula vizuri. Aliziangalia kwenye simu ya mama, akirudisha nyuma, akisimamisha, akichora vumbini kwa ukuti.

Ijumaa nilipewa ruhusa na shule yangu kwenda kumtafsiria. Unajua ninavyokuwa mbele ya watu. Mwalimu Tapuala alimwita ubaoni na kumuuliza theluthi mbili na robo moja zikijumlishwa ni ngapi, na kama kawaida aliuliza akiwa amegeuka. Etuale alisubiri. Darasa likaanza kucheka. Nilisikia sauti ikisema, “Mwalimu, mgeukie tafadhali, anakusoma mdomo,” na ilikuwa yangu.

Mwalimu aligeuka. Sijui nani alishangaa zaidi. Akarudia swali. Etuale alichora mashelisheli mawili, akakata kila moja vipande kumi na viwili, akahesabu, akaandika jibu. Mwalimu alisema huenda amekariri picha. Akampa nyingine, yenye sehemu za tano na za nane, ambayo hukuichora popote. Etuale alikaa nayo muda mrefu. Alifuta mara moja. Kisha akachora tena na akapata.

Mwalimu Tapuala aliweka chaki chini. Alimsogelea, akamwambia taratibu, mdomo wazi, ili amwone:

“Kaa hapohapo.”

Basi yuko darasa la nane, kwenye dawati lake. Mwalimu bado husahau na kuuelekea ubao, na Etuale hugonga dawati mpaka ageuke.

Sasa ombi langu. Ukiandika faili jingine, tafadhali andika juu kabisa umetumia maktaba gani na toleo namba ngapi. Mimi nimeshaandika hivyo katika yote uliyoacha.

Bibi anakusalimu na anakuomba uvae soksi. Mama anakusalimu. Mama mchungaji Sulami anakusalimu, na anasema samaki walipona. Mpokee Kilisi vizuri, ajifanyaye hodari njiani atalia. Mungu akulinde juu ya ngazi za michungwa na akurudishe ukiwa na viungo vyako vyote.

Etuale naye ana neno. Jana alikuwa akiangalia faili lako la mwisho, akalisimamisha, akahesabu kwa kidole kwenye kioo. Halafu akavuta ndevu asizokuwa nazo, kidevuni, mbele yetu sote, na mama akaacha kufagia. Anasema Mjomba amekosea: umeandika vipande nane, lakini shelisheli lina saba. Nilihesabu, ni kweli. Niliyafungua maandishi yake kwenye simu ileile: ni namba moja tu ya kubadilisha, na nilikuwa nimeshaweka kidole nibonyeze. Aliushika mkono wangu akauondoa. Anasema lisiguswe. Wewe ndiye uliyelikata, uje ulirekebishe mwenyewe.

Mpwa wako akuwazaye kila siku,
Mataina