Walipima Tukiwa Dago

Palma, Jumatano

Na bado shefe, mkuu wa ofisi, anaiita ile ramani ya wapimaji chanzo cha kuaminika.

Nimeshinda ofisini kwake, mimi mwalimu niliyeitwa kusahihisha tangazo la mkutano wa hii gesi iliyogunduliwa baharini. Waliandika msumbiji na tanzania kwa herufi ndogo, kama majina ya mboga. Nikarekebisha, shefe akanisifu. Ndipo nikamwambia kijiji chetu hakimo kati ya vinavyoalikwa mkutanoni.

"Kwenye ramani hapo ni mahame," akasema.

Wapimaji walikuja msimu wa dago, sote tumehamia kisiwani Rongui kuvua na kukausha samaki, kama kila mwaka. Wakakuta milango imefungwa kwa kamba, wakaandika hakuna watu. Nikamwambia amuulize mama yangu, kazaliwa pale.

"Mama yako si chanzo, mwalimu. Ramani ina muhuri."

Nilipofika nyumbani mama akauliza, "Mkutano wametuitia lini?"

"Bado wanaandika, mama."

Akaridhika, akaenda kuanika kanga ya kuvaa siku hiyo.

Nimechoka. Msumbiji nimeiandika kwa herufi kubwa kila mahali. Kwetu sikupewa pa kuandika hata kwa herufi ndogo.