Mvua Niliyoiongeza kwa Kijiko

Nyumbani, bondeni
Jumanne, 14 Machi

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Hujambo? Kifua kimepona, au bado unalala dirisha wazi kama mtu asiye na bibi? Mkeo hajambo? Mwanenu meno yameota? Mimi mzima, goti tu ndilo linajifanya zee kuliko mwenyewe. Anayeniandikia ni nesi wa zahanati yetu, maana bibi yako darasa aliliona kwa nje.

Shangazi yako kahamishia cherehani sebuleni. Sasa tunakula juu ya vitambaa vya watu.

Haya, nisikuzungushe. Kile kipima mvua ulichokisimika uani, ukanifundisha kuhesabu mistari na kukutumia namba kwa simu kila asubuhi, nilikuwa nakiongeza maji.

Wifi yangu wa mlimani unamjua, dada wa marehemu babu yako. Ulipompa naye kipima mvua chake, hapo ulichokoza nyuki. Kila kukicha ananipigia: "Wifi, mimi ishirini na mbili! Huko kwenu mvua imenyesha, au imepita kusalimia tu?" Miaka arobaini ananiambia kaka yake alioa ukame. Siku moja nikachukua kijiko, nikaongeza maji mpaka yakapanda mistari mitano, kisha nikampigia mimi. Mume wangu, kile kimya chake kilikuwa kitamu! Na mwonja asali haonji mara moja.

Wiki iliyopita nesi akaja na habari. Ofisi yenu inagawa matangi ya maji kwa sehemu zinazopata mvua kidogo kisiwani, na bonde letu limetolewa kwenye orodha. Tangi letu lilikuwa liwe la zahanati. Namba zangu zimesema tumelowa. Akanipa na pole juu yake: "Si kosa lako bibi, wewe umepima tu." Chai ilinipalia.

Hapa nesi amesimamisha kalamu. Nimemwambia, andika. Ananiambia, "Bibi, juzi nimezalisha mtu kwa nusu ndoo ya maji." Nimemwambia, andika na hilo. Hanitazami usoni, lakini anaandika.

Wifi nilimwendea mwenyewe jana, kwa goti hilihili, nikamwambia yote. Nilijua atanicheka mpaka jioni. Hakucheka. Alinitilia maji ya kunywa.

Ningekupigia simu, lakini wewe ungecheka, ungenisamehe, na wakubwa wako wasingekuwa na cha kushika mkononi. Orodha inatiwa sahihi mwisho wa mwezi. Mjomba wako anasafiri Alhamisi, atakukabidhi barua hii. Zitazame namba zote tangu ulipotugawia vipima mvua. Kila siku niliyompita wifi, nilidanganya. Zifute zote, usibakize hata moja kwa kunionea haya.

Usiwaambie kipima mvua kiliharibika. Waambie ni kijicho cha kizee. Najua jina lako liko chini ya karatasi zile, na watu walikuamini kwa sababu uliniamini mimi. Hilo linaniuma kuliko goti. Wakikufokea, nitaje mimi, waje wanifokee hapa hapa uani. Nisamehe, baba, lakini kufuta kwanza.

Kuanzia kesho kipima mvua kinahamia zahanati. Nesi atasoma, mimi nitamwaga.

Shangazi anakusalimu, anauliza vipimo vya mkeo, anamshonea gauni. Mjomba mpe chakula cha kutosha, anajidai hali sana. Mwanenu mnibusie kisogoni. Mungu akufunike popote unapokwenda, na upumbavu wangu usikufuate huko.

Wako akupendaye hata anapokukosea,
Bibi

Dole gumba hili ni langu. Nimelibonyeza mara mbili, wasije wakasema halionekani.